Ubani wa Kugandishia Vijitu

Haya, sogeeni karibu. Na mwenye kitu mdomoni akimeze au akiteme, maana haya ninayowapa hayasikilizwi huku mtu yuwatafuna.

Alikuwako mwanamke Mji wa Kale, jina lake Kanze, akikaa ghorofani kwenye nyumba ya kupanga, akipika mahamri na mbaazi za nazi na kuuza hapo chini mlangoni. Msafi huyo! Nzi akitua kwenye unga, unga mzima wamwagwa. Kikombe anywacho yeye hakinywewi na mwengine, hata Charo, ndugu yake wa tumbo moja aliyekuwa akilala chumba cha nyuma.

Basi asubuhi moja, mwaka wa tisini na tano, Kanze aliingia chumba hicho kufagia. Juu ya ubao pale chini vilisimama vijitu vya plastiki, kila kimoja urefu wa kidole gumba, na chini ya miguu ya kila kimoja pana donge la ubani uliotafunwa. Akasonya. Akashika kimoja akiondoe apanguse vumbi.

Ubani ulikuwa maji maji. Tena una vuguvugu, kama umetoka kinywani sasa hivi. Na Charo alikuwa ameondoka tangu alfajiri.

Kanze akanusa kidole. Mwaijua harufu ya mdomo wa mgonjwa aliyelala siku tatu hajasukutua? Ndiyo hiyo. Aliosha mkono ule kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu, na mahamri ya siku hiyo hakuyapika.

Charo aliporudi jioni, Kanze alimngoja mlangoni mikono kiunoni.

"Charo weye, mtu mzima wa miaka thalathini na mbili, wacheza na vijitoto vya plastiki na kunitemea mate nyumbani?"

"Sichezi, da Kanze. Napiga filamu."

Alikuwa kibarua wa kushika taa kwa mpiga video za harusi Makadara, na siku zisizo na harusi hupewa kamera aje nayo. Vile vitofali vya plastiki vya kupachikana, kopo zima la biskuti limejaa, aliachiwa na mama mmoja mtalii kwenye hoteli alikokuwa akitandika vitanda zamani. Akapachika nyumba, akapachika msikiti, akapanga vijitu kumi na viwili: bwana harusi, bibi harusi na wapiga vigelegele. Yuwabonyeza kamera na kuachia papo hapo. Yuwasogeza kijitu kiasi cha punje ya mchele. Yuwabonyeza tena. Ukija kutazama kwenye tivi, vijitu vyatembea.

"Sasa ubani wa nini?"

"Sakafu hii ni boriti, dada. Wewe ukipita na ndoo, bibi harusi aanguka. Ubani wawashika miguu."

"Umeupata wapi?"

"Humo kidakani ukutani, ndani ya kopo la maziwa. Nikasema ni wako. Kwani ni wa nani?"

Kanze alitupa jicho kidakani.

"Wangu," akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua yuwakosea. Nyinyi hamjui, lakini mie ugomvi wa nyumba ile naujua tangu mzizi.

Mama yao alikuwa na jini. Alilipata kwa nyanyake, na nyanyake kwa shangazi yake. Halikuwa baya, lataka kulishwa tu. Kila Alhamisi mama yule hutafuna punje ya ubani mpaka ilainike kwa mate yake, akaiweka juu ya sinia nyuma ya pazia. Asubuhi haipo. Charo hakuwahi kuona; mwanamume haingii nyuma ya pazia. Kanze ndiye aliyekuwa akiosha sinia ile, na kila akiosha hugeuza uso asiinuse.

Mama alipokufa, ndugu wale hawakugombea kitanda wala sufuria. Waligombea jini, na si kwa kulitaka! Kila mmoja akimsukumia mwenziwe. Siku ya arobaini, mbele ya watu na pilau iko kwenye sinia, Charo akasema, "Jini la mama huenda kwa binti." Kanze akajibu, "Nani alinyonyeshwa miaka mitatu? Aliyeshiba maziwa yake na alishe jini lake." Watu wakanawa mikono wakaondoka hawajala. Mwisho Kanze akasema, nipeni huo ubani wa mama uliobaki koponi, nitautupa baharini Liwatoni, yaishe. Akaenda. Akarudi akaapa ameutupa.

Hakuutupa. Aliogopa kulizamisha jini likamgeukia. Akauficha kidakani, chumba cha nyuma, kisha akampa Charo chumba hicho alale. Kwa nini chumba kile? Muulizeni mwenyewe.

Zikapita siku nane. Charo akawa hali. Mahamri ayasukuma, mbaazi zamrudi puani. Midomo ikampasuka, pembeni ikatunga usaha, na mate yakamkauka hata akiongea ulimi wabanduka kaakaani kwa sauti ya kiraka kinachong'olewa. Lakini vile vidonge vya ubani chini ya vijitu vilikuwa vyazidi kulowa. Ubao mzima ukawa wateleza. Ute ukashuka pembeni, ukafanya uzi, ukafika kwenye jamvi.

Siku ya tisa, adhuhuri, Charo akawaita. Kanze, na Auma mpangaji wa chini, karani wa reli, aliyekuwa amepanda kulalamika.

"Bi Kanze, samahani, lakini kwenu mmefuga nini? Harufu inashuka mpaka kwenye chai yangu."

"Ingia, dada Auma, ukae," Charo akasema kwa ile sauti yake iliyokauka. "Kuna kitu mnitazamie. Pengine ni macho yangu."

Ilikuwa saa saba, jua la utosi, saa ambayo wazee hawakubali mtoto apite uchochoroni peke yake. Charo akaunga kamera kwenye tivi.

Harusi ikaanza. Vijitu vikawa vyaenda kwa kushtuka-shtuka, kama watu wenye baridi yabisi, na Auma akacheka, akasema yule wa mbele anafanana na bosi wake. Bibi harusi akafika mlangoni.

"Hapa ndipo nilipokomea jana," Charo akasema. "Nikazima, nikajinyoosha kitandani kidogo."

Filamu haikukoma.

Vijitu viligeuka. Sasa havikushtuka tena, vilikwenda laini, laini kama panya akifuata ukuta, vikashuka kwenye ubao kimoja kimoja, na kila kimoja kimebeba tofali kichwani, vikavuka jamvi, vikapanda mguu wa kitanda vikiacha alama za kunata kama za konokono, vikapita juu ya mto, na pale kwenye mto palikuwa na uso wa Charo amelala mdomo wazi na udenda umemtoka, na kile cha kwanza kikashika mdomo wake wa chini kwa vijikono vyake viwili, kikauvuta kama mtu avutavyo mlango mzito, kikaingia, na nyuma yake kikaingia cha pili, na cha tatu, na koo la Charo likawa lapanda na kushuka, lapanda na kushuka, kama la mtu anayekunywa, mpaka vyote kumi na viwili vikawa ndani. Kisha vikatoka. Vimelowa, vyang'ara, na matofali havinayo. Cha mwisho kikasimama ukingoni kikapangusa miguu juu ya ulimi wake, kama mgeni apanguzavyo kwenye kizingiti.

"Charo," Auma akanong'ona, "hiyo umeipigaje?"

"Sikuipiga."

"Mwenye kubonyeza ni nani basi?"

Charo akakohoa. Akakohoa tena, akainama, akatia vidole viwili kooni, akavuta kitu kirefu cha makohozi, cha manjano, chenye nywele ndani, na mwishoni mwake laning'inia tofali jekundu.

Auma akafunua lile kopo la biskuti. Lililokuwa pomoni sasa halikufika nusu. Kanze akajilazimisha, akaweka kiganja juu ya tumbo la nduguye. Chini ya ngozi palikuwa na pembe. Palikuwa na ukuta ulionyooka. Akiwa bado amegusa, ikasikika humo ndani: *tak*. Sauti ile ile ya tofali likipachikwa juu ya jenziwe.

Akakimbilia dirishani akatapika nje, yeye Kanze, juu ya vichwa vya wapita njia.

Wakaletewa Baya. Mganga huyu hakuwa na hirizi shingoni. Alikuwa mpara samaki kule Liwatoni, na alikuja na mabuti yake ya raba, magamba yamemganda mikononi. Alimtazama Charo ulimi, akanusa vijitu, akatazama kopo. Limebaki na vitofali vya kuziba kitako tu.

"Hili halina ubaya," akasema. "Halina nyumba. Mwenyewe kafa, limebaki nje kama paka. Akaja mtu akautafuna ubani wake, akalilisha mate yake, akaweka na matofali mbele yake. Wewe ungefanyaje?"

"Litoe, baba," Kanze akasema.

"Kopo likiisha, nyumba imekwisha. Na nyumba ikisha, mwenye kiwanja hatakiwi tena. Ni leo, au ni kesho adhuhuri."

"Nimekwambia litoe!"

"Liende wapi? Hili la kurithiwa, halifukuziki." Baya akageuza uso polepole. "Nimeambiwa ubani huu ulitupwa baharini. Nani aliyesema ameutupa?"

*Tak,* tumbo la Charo likasema. *Tak.*

Charo alikuwa amelala ubavu, mate hana, machozi hana. Akamtazama dada yake kwa jicho moja. Kanze alitazama sakafu, akatazama boriti, akatazama mikono yake iliyooshwa mpaka ikachunika.

"Ni mimi," akasema, hata hawakumsikia vizuri. "Sikuutupa. Nikauweka humu. Kisha nikamweka na yeye humu."

Auma akaziba mdomo. Baya hakushangaa.

"Basi wewe ndiye mrithi. Likubali kwa radhi yako, kama mama alivyolikubali. Ule alichotafuna yeye. Madonge yote kumi na mawili."

"Nitafune ubani mpya. Nipe mpya, baba, nitatafuna kilo."

"Mpya haukupita kinywani mwake."

Kanze akanyoosha mkono kuchukua birika aumiminie maji.

"Usioshe," Baya akasema.

*Tak.*

Akapiga magoti mbele ya ubao. Akang'oa kijitu cha kwanza, akakwangua mguu wake kwa ukucha, na lile donge likamfuata kidole likivutika, la kijivu, limeshika vumbi na unywele na ganda la kidonda cha mdomo wa nduguye, na likitoa ile pumzi ya mgonjwa, akalitia mdomoni akataka kulimeza upesi lisiguse ulimi, Baya akasema tafuna, akatafuna, likapasuka katikati kama jipu na ndani yake mlikuwa na moto wa mate mengine, si ya Charo, mate mazito ya mtu mzee, na Kanze aliyajua, aliyajua tangu utotoni kwa harufu ya sinia, akatia la pili, tumbo likamjia mpaka mdomoni, akafumba midomo kwa mikono miwili akarudisha chini vyote viwili, ubani na matapishi, akatia la tatu, akatia la nne, na kwa kila donge machozi yakamshuka na pua ikamshuka naye yuwatafuna, mpaka kwa lile la kumi na mbili akahisi kitu chaketi juu ya ulimi wake, kitu chenye miguu midogo, chajisogeza sogeza kama mtu atafutaye pahali pazuri pa kulala. Akameza.

Charo akapiga ukelele. Auma akanyakua chombo cha kwanza alichokiona, karai ya Kanze ya kukaangia mahamri, akamwekea chini ya kidevu. Yakatoka matofali. Mekundu, meupe, ya manjano, yote yamevishwa ute kama mayai ya chura, na madirisha, na ngazi, na mwisho kabisa mlango mdogo, ambao ulikwama kooni mpaka Baya akauvuta kwa vidole vyake vya samaki.

"Basi," akasema. Akajipangusa kwenye suruali, akaenda zake kazini.

Siku ya tatu Charo akawa mzima. Alikula, akanenepa uso, akafunga mkoba wake ahamie Likoni. Hakusema ahsante. Alisimama mlangoni amempa kisogo dada yake, aliyekuwa ameketi kitini tangu asubuhi.

"Mie nilisema siku ile ya arobaini," Charo akasema. "Mbele ya watu wote. Ni lako. Ungekubali tangu hapo, nisingepatwa na haya. Lakini wewe kichwa ngumu, da Kanze. Haya, kwaheri."

Kanze akafungua mdomo amtukane. Matusi alikuwa nayo tayari, ya miaka, yamepangwa. Mdomo ukafunguka zaidi ya alivyotaka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, ya kukwaruza kidogo, sauti waliyokuwa wameizika wote wawili kwa mikono yao.

"Mwanangu, mbona waondoka na njaa?" ikasema. "Njoo hapa. Njoo nikutafunie."

Ngazi ya nyumba ile ina daraja kumi na tisa. Charo, kwa mbio alizoshuka nazo, alikanyaga tatu tu.