Maji ya Tairi la Chini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumwaga maji ya mvua kutoka kwenye matairi makuukuu yaliyorundikwa nyuma ya karakana ya baba yake. Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, na mdomo wenyewe aliurithi. Baba yake, fundi wa matairi, hakuziba pancha bila kutia mzaha. "Tairi lako limekula msumari," alimwambia kila mteja, "sasa mimi nitakula nini?" Walicheka hata waliokwisha kuusikia mara mia.

Matairi ya juu yalikuwa rahisi kuinamisha. Ya chini yalikuwa mazito, yananuka, na maji yake yalijaa viluwiluwi vya mbu. Chiriku aliyaacha siku moja, akayaacha ya pili, halafu akazoea.

"Umemwaga yote, mwanangu?"

"Yote, baba!"

Baba hakwenda kutazama. Alimwamini, masikini.

Msimu huo wa mvua baba akashikwa na homa kali. Viungo vilimuuma, na macho yakamuuma kwa ndani. Zahanati wakasema ni dengi, homa inayoenezwa na mbu anayeuma mchana. Wakamwambia apumzike na anywe maji kwa wingi. Homa iliposhuka, nyumba nzima ikashusha pumzi, na baba akarudi karakanani.

Jioni ya siku hiyo Chiriku alimkuta akimhudumia dereva wa teksi.

"Nipeni nyundo," baba alisema.

"Si unayo mkononi, fundi?" dereva alimjibu.

"Hii? Hiki ni kijiko."

Watu wakavunjika mbavu. Baba akamgeukia Chiriku, akamwita kwa jina la bibi yake aliyekwisha kufa. Wakacheka tena, na Chiriku alicheka kuliko wote. Nani angemshuku mcheshi kwa kusema upuuzi? Kisha nyundo ikamponyoka baba, akaanguka, mwili ukakakamaa na kuanza kutupatupa. Hapo kicheko kikakatika.

"Ugonjwa umefika kwenye ubongo," daktari alimweleza mama hospitalini. "Hutokea mara chache, lakini hutokea. Homa kushuka si kupona. Alipoanza kuchanganya maneno, mngemleta pale pale."

"Tangu asubuhi tulidhani anatania," mama alisema, akalia.

Kwenye benchi la nje, Chiriku alimwambia mama yote kuhusu matairi ya chini.

"Mbu aliyemuuma hakuacha anwani," mama alisema. "Huenda alizaliwa kwetu, huenda kwa jirani. Sitakwambia ni wewe uliyemwangusha baba yako, maana sijui. Wala sitakwambia si wewe."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo.

Baba alirudi nyumbani akiwa hai, ila mkono wake wa kulia ulitetemeka na maneno yalimkimbia. Muuguzi alisema aachwe ayatafute mwenyewe. Mama na majirani walilifumua lile rundo, wakaviziba vizuri vyombo vyote vya maji, na mbu wakapungua mtaani.

Siku dereva wa teksi aliporudi na pancha nyingine, baba alitabasamu.

"Tairi lako limekula..." alianza. Dereva akangoja. "Limekula..."

Chiriku alilijua neno. Mama akamshika bega asilitaje. Baba akatafuta, akatafuta, kisha akainamisha kichwa akaendelea na kazi. Dereva akageuka pembeni, akajifuta macho.

"Kazi isiyofanyika haifunikwi na mdomo, mwanangu," mama alisema taratibu. "Kabla hujasema umemaliza, mkono wako uwe umemaliza kwanza. Haya, matairi yaliyobaki umeyamwaga maji leo?"

Alikuwa ameyamwaga. Hata hivyo Chiriku alikwenda kwanza nyuma ya karakana, akapitisha kiganja ndani ya kila tairi mpaka la chini kabisa, ndipo akarudi kusema, "Ndiyo, mama."