Siku Waliyonifungia na Picha ya Bibi

Nilisikia ufunguo ukizunguka kwa nje.

"Fahd?"

Nikausukuma mlango.

"Fahd, umenifungia. Fungua."

"Nnajua nimekufungia," akajibu mdogo wangu kutoka upande wa pili wa mlango. "Kaa humo mpaka wageni waondoke. Nisamehe, dada."

Jamani, mnaosoma hii, naomba mnielewe. Mimi Shahad, siku ya maonyesho yangu, niliyoingoja tangu nimalize chuo, nilikuwa ndani ya stoo ya nyumba ya zamani pale Matrah, Muscat, katikati ya makopo ya rangi, nimekumbatia picha niliyoichora mwenyewe.

Fahd alikuwa ameniambia, "Ilete stoo kidogo, fremu yake imelegea."

Fremu haikuwa imelegea...

Mwaka ulikuwa 2002. Maonyesho yale yalikuwa wazo langu. Nilitaka wasanii weusi wa Muscat, sisi wa familia zilizotoka Unguja na bara, watundike kazi zao pamoja na watu wa Amerika ya Kusini wanaoishi hapa. Nilimpata Rosângela, Mbrazili, mume wake kocha wa mpira. Nikampata Mkolombia mmoja mfinyanzi. Nikampata Aflah, fundi wa kuchonga milango.

Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu. Niliamini watu wakisimama mbele ya picha moja, watazungumza.

Mama yangu hakuliamini hilo. Alipoona tangazo ukutani alikaa chini.

"Weusi?" akaniuliza. "Neno gani hilo umetubandika?"

"Si ndivyo tulivyo, mama?"

"Sisi Waarabu, Shahad. Na wiki ijayo unaolewa."

Picha yangu ilikuwa ya Bibi Masouda, mama yake mama. Mweusi, mrefu, mwenye macho ya kucheka. Aliishi kwetu Mawaleh mpaka alipofariki, na wageni wakija aliambiwa akae jikoni. Wengine walidhani ni mtumishi. Mimi nilimchora amekaa sebuleni, kwenye kochi la wageni, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Chini yake niliandika: Bibi yangu, mzaa mama.

Sasa shida iko hapa. Watu wa mchumba wangu, Hisham, walipokuja kuuliza asili yetu kama ilivyo desturi kabla ya posa, mama aliwaambia mama yake alikuwa Mwarabu wa Nizwa, alikufa zamani. Wakaridhika. Posa ikapokelewa.

Na jioni ile mama yake Hisham, Bi Sayyida, alikuwa njiani kutoka kwao Hail kuja kuona kazi ya mkwewe.

"Fahd, nani kakutuma?"

"Unamjua."

"Mama?"

Nikasikia nyayo zikisogea. Halafu sauti ya mama mwenyewe, karibu kabisa na mlango.

"Mwanangu, usipige kelele. Watu wanasikia."

"Mama, unanifungia kama mwizi?"

"Nnakufungia kama mama." Akateremsha sauti. "Unadhani mimi sina macho? Yule mchumba wangu wa kwanza, unajua kwa nini aliondoka? Mama yake alikuja nyumbani, akamwona mama yangu, akaniangalia nywele. Kesho yake vitu vikarudishwa. Sitaki yakufike hayo."

Nikaegemea mlango. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo.

"Niahidi picha itabaki humo ndani," akasema. "Niahidi tu, nikufungulie sasa hivi, ukasimame na wenzako."

Hapo ndipo nilipohisi nimefungwa kweli. Nikikataa, maonyesho yangu yanapita niko stooni. Nikikubali, Bibi anarudi jikoni.

Na Hisham... nilimpenda, sitawadanganya. Nilimpenda mpaka nikisikia gari lake napoteza maneno.

Nikamwangalia Bibi. Nikafungua mdomo niseme naahidi.

"Wewe! Fungua. Vitu vyangu ndani."

Alikuwa Rosângela, na Kiarabu chake cha sokoni.

"Ufunguo umepotea, madam," Fahd akasema.

"Umepotea? Huo mkononi nini, tende?"

Nikasikia watu wawili watatu wakicheka, halafu mlango ukafunguka. Rosângela akanitazama, akaitazama picha, akamtazama mama. Akaingia ndani. Akachukua nyundo aliyoifuata, akanikabidhi.

"Msumari wako bado uko ukutani," akasema.

Mama akanishika mkono. "Shahad. Ukiitundika hiyo, hakuna harusi."

"Nnajua, mama."

"Na bado?"

"Nikianza kwa kumficha yeye, kesho nitamficha na mtoto wangu akizaliwa na rangi yake."

Akauachia mkono wangu taratibu. Nikatembea mpaka ukutani, nikaitundika.

Bi Sayyida aliingia muda si mrefu, Hisham nyuma yake na kanzu nyeupe. Akasifu milango ya Aflah. Akaulizia bei ya chungu. Kisha akafika kwa Bibi.

Akasimama.

Akasogea. Akavaa miwani. Mkono ukapanda mdomoni.

Nikasema moyoni, khalas, yameisha.

"Hisham," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo umwone Mama Amur."

Mimi nikashangaa. Amur ni jina la mjomba wangu mkubwa, aliyefia Unguja kabla sijazaliwa. Huyu amelijuaje?

"Huyu mama alikuwa jirani yetu hapa hapa Matrah," Bi Sayyida akaendelea, machozi yanashuka. "Nilipomzaa Hisham niliumwa, sijitambui. Yeye alikuwa na mtoto wake mchanga. Akamchukua na wangu. Alimnyonyesha mpaka akaanza kuota meno. Tulipohama tukapoteana, nimemtafuta miaka yote. Jina lake lenyewe sikulijua, sote tukimwita Mama Amur. Nani kamchora?"

Mama akasogea pembeni.

Akainama kusoma maandishi ya chini. Bibi yangu, mzaa mama.

Nikaona rangi ikimtoka usoni. Akageuka kwa mama yangu.

"Nilipokuja kwenu niliuliza hata habari ya maziwa, nani kanyonya kwa nani," akasema. "Niliuliza wazi. Ukaniambia mama yako alikufa Nizwa, Hisham hajazaliwa."

"Mimi wakati ule nilikuwa bado Unguja kwa shangazi yangu," mama akasema. "Wallahi sikujua kama alinyonyesha mtoto wa mtu."

"Hukujua. Lakini ungemtaja tu, ningejua mimi."

Nadhani mmeshaelewa. Kwa dini yetu, aliyenyonya kwa bibi yangu ni mtoto wa bibi yangu. Hisham na mama wamenyonya ziwa moja. Yule niliyekuwa niolewe naye wiki ijayo alikuwa mjomba wangu. Ndoa ingekuwa haramu, na tungeifunga kwa vigelegele, kwa sababu ya kuonea haya uso wa mwanamke aliyempa Hisham uhai.

Nilimtazama Hisham. Alinitazama mara moja, akateremsha macho. Macho yale hayakunitazama tena kama zamani.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia.

Akamwendea mama yangu, aliyekuwa amejibana pembeni kama mtu anayengoja kupigwa. Akainama.

"Shikamoo, dada."

Mama akainua uso. Alimtazama kijana yule, mtoto wa watu wa Hail, mweupe wa rangi, anayejiita mtoto wa Bibi Masouda mbele za watu wote.

"Dada," akarudia. "Mama yetu kazikwa wapi? Nnataka kwenda."

Mama akalia kwa sauti, mbele ya wageni wote. "Mama yangu," akasema, akiigusa fremu. "Huyu ni mama yangu mimi."

Nililia miezi mingi, sitaki kuwadanganya. Kumpenda mtu hakukatiki siku moja kwa sababu umeambiwa ni mjomba.

Lakini nawaomba nyie wenye mabinti na vijana wa kuoza: mkiulizwa asili yenu, semeni yote. Mtajeni na yule mnayemwambia akae jikoni. Huenda yeye ndiye aliyewaunganisha na nusu ya mji, na nyinyi hamna habari.

Picha haikuuzwa. Iko Mawaleh, sebuleni, juu ya kochi la wageni. Mgeni akiuliza huyu ni nani, mama humjibu kabla sijafungua mdomo.