Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Ndugu zangu, mkimsikiliza Msusi, jirani wa mlango wa pili, mtaambiwa kwamba Fundi, mama mshona nguo wa mtaa wetu, alitolewa hospitali amebebwa kama gunia, kinywa kimeoza, kwa sababu madaktari walimfanya panya wa kujaribia dawa. Msusi huyasimulia hayo vidole vikiwa kichwani mwa mteja, na mteja aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Lakini siku hiyo Msusi hakuwepo. Aliyekuwepo ni binti wa Fundi, na mambo yalikwenda hivi.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa tulivu. Mama alishona sare za shule kwenye cherehani dirishani, binti akitia vifungo. Saratani yake ya titi ilikuwa imeshasambaa hadi kwenye ini, na dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Ndipo Fundi alipoombwa kuingia kwenye utafiti wa vidonge vipya. Alielezwa yote, akaambiwa anaweza kujitoa wakati wowote, akatia saini. Alitakiwa ameze kidonge kimoja kila asubuhi, aandike kwenye daftari kila analolisikia mwilini, na arudishe vilivyobaki vihesabiwe. Macho yake hayakuziweza herufi ndogo, kwa hiyo kalamu akaishika binti.

Wiki ya nne binti akaona jambo. Tangu azaliwe, mama yake hubana pini midomoni akishona, hata salamu huziitikia kwa puani. Sasa pini zilichomekwa kwenye mkono wa blauzi. Chai aliiacha mpaka ikapoa kabisa. Alipoulizwa alisema hajambo.

"Andika hakuna tatizo," akaagiza.

Binti akaandika, ingawa moyo ulikataa. Msimcheke, wasomaji wangu. Nani kati yetu hajaitikia "salama" huku mbavu zinamuuma?

Siku ikafika sare ya mwisho ikapungukiwa kifungo kimoja. Binti akatia mkono kwenye kopo, akatoa cheupe kimoja, akatafuta matundu apitishe sindano. Hakikuwa na matundu. Akamwaga kopo zima mezani, akachambua. Vilikuwa kumi na kimoja.

"Mama, hivi vimefikaje huku?"

Fundi alikanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono. Kisha akageuka, akafungua kinywa. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa vidonda vitupu.

"Nikivimeza kinywa kinazidi kuwaka," akasema. "Nikisema, watanitoa. Na wakinitoa, nimekwisha. Kuvitupa nako nimeshindwa, dawa ni dawa."

"Kesho ni kliniki. Tunakwenda na kopo."

"Utaniua, mwanangu."

"Aliyeandika uongo ni mimi, mama. Acha mkono wangu ndio ukaufute."

Kesho yake, kabla nesi hajaanza kuhesabu, binti aliweka kopo mbele yake na kueleza yote. Fundi alitazama ukuta. Nesi hakufoka. Alichungulia kinywa kwa tochi, akaenda kumwita daktari, akarudi na kulifungua daftari.

"Mdogo wangu," akamwambia binti, "hili si cheti cha tabia njema. Hakuna anayepewa zawadi kwa kutoumwa."

Daktari akafafanua kwamba vidonda hivyo vilitarajiwa, na taratibu za utafiti zinaruhusu kusimamisha dawa, kutibu kinywa, kisha kurudi kwa kipimo kidogo. Cha hatari ni ukimya. Wagonjwa wakificha, akasema, wanawake watakaokuja baadaye watapewa kipimo kilekile, nacho kitawachoma vilevile.

Fundi aliuliza mara mbili kama kweli hatolewi. Hatolewi. Akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, kopo la vifungo mkononi.

Miezi mitano baadaye picha ya ini ilionyesha vivimbe vimesinyaa zaidi ya nusu. Havikuwa vimeisha, na daktari hakumdanganya kwamba vimeisha. Lakini Fundi alirudi nyumbani, akabana pini sita midomoni, akaitikia salamu za mtaa mzima kwa puani, na binti akacheka mpaka akajichoma sindano. Si hilo tu. Wanawake walioingia kwenye utafiti baada yake walipewa dawa ya kusukutua tangu siku ya kwanza, kwa sababu madaftari kadhaa, na la Fundi likiwa mojawapo, yalisema kweli.

FUNZO

Mgonjwa asiyesema maumivu yake anamfunga daktari macho. Ukikubali kuingia kwenye utafiti, sema linalouma na dawa usiyoimeza, maana kweli yako itamtibu na mtu usiyemjua. Nasi majirani tuache kuwatisha wagonjwa kwa mambo tusiyoyaona, kwani hofu hiyo ndiyo inayowafanya wafiche.

Juzi Msusi aliingia kwa Fundi akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakuwa na la kusimulia. Aliushika mkono wa binti, akauweka chini ya kwapa lake la kushoto, penye kitu kigumu kama kifungo cha koti.

"Kina miezi minane," akasema. "Nawaomba jambo moja tu. Asijue mtu."

Binti akamtazama mama yake. Fundi akaanza kuzitoa pini midomoni, moja moja.