Midomo Tisini na Tisa ya Ngisi

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Chiriku alivuka barabara, akaingia lango la kituo cha utafiti wa bahari na kumsalimu kila aliyemkuta, hata yule aliyekwisha kumsalimu asubuhi. Jina hilo la utani alipewa na Babu Chupa, mtunza maabara, mzee aliyeosha vyombo vya kituo hicho tangu Chiriku hajazaliwa. "Mtoto huyu akifunga mdomo," alisema mzee, "mwiteni daktari." Chiriku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuhitaji daktari kwa sababu hiyo.

Mama yake alikuwa mtafiti wa viumbe wa baharini. Wavuvi walimwita Daktari, na wapo waliomfuata awapime presha, naye akawajibu kwamba wagonjwa wake wote wana mapezi. Mwaka huo alikuwa akitafuta jibu la swali moja: pomboo hula nini? Wavuvi walilalamika kwamba ngisi wamepungua, na kwamba wanaowamaliza ni pomboo wa bahari kuu wanaokuja kula karibu na ufuko. Kamati yao ilitaka kuomba ruhusa ya kuwavua pomboo hao. Hata hivyo, walikubali kumsikiliza Mama kwanza, siku ya Alhamisi.

Basi kila pomboo mfu aliposukumwa ufukweni na mawimbi, Mama alilipasua tumbo lake. Nyama ya ngisi huyeyuka upesi tumboni, lakini mdomo wake hauyeyuki. Ni mdogo, mweusi, mgumu, umepinda kama wa kasuku, na mtaalamu akiutazama anajua ni wa ngisi wa aina gani. Mama aliihifadhi midomo hiyo ndani ya chupa zenye spiriti, kila pomboo na chupa yake. Chiriku aliruhusiwa kumsaidia kuisafisha, kwa sharti moja tu: asifungue chupa mbili kwa wakati mmoja.

Jumatatu hiyo alizifungua mbili. Tusimseme sana, nani kati yetu hajawahi? Chupa ya nne ilikuwa ya pomboo wa karibu na ufuko, ya tisa ya pomboo wa bahari kuu. Mama alikuwa kikaoni, Babu Chupa alikuwa nje akianika taulo, na Chiriku alikuwa hana wa kuongea naye. Akamimina midomo ya chupa moja kwenye kisahani hiki na ya nyingine kwenye kile, akaifanya madarasa mawili yanayoshindana kwa mdahalo. "Mwenyekiti, naomba nafasi!" ulisema mdomo mkubwa wa kisahani cha kushoto. Chiriku akainua mkono ili upande wa kulia ujibu. Lo! Kiwiko kikavikumba visahani vyote viwili, na midomo ikamwagika mezani ikawa lundo moja.

Akazishika chupa zote mbili. Kisha akasoma vibandiko. Chupa ya nne: midomo sitini na mmoja. Chupa ya tisa: thelathini na minane. Akahesabu sitini na mmoja akaitia humu, thelathini na minane akaitia mle, akafunga vifuniko na kufuta meza. Hesabu ilitimia. Ila nani alikula nini, hakuna aliyejua tena.

Jumanne Mama aliinamia hadubini kwa muda mrefu, na ghafla akapiga kelele hata Babu Chupa akaangusha brashi.

"Babu, njoo uone! Pomboo wa bahari kuu, na tumboni ana ngisi wetu wa hapa ufukweni! Kumbe wavuvi walisema kweli! Na hakuna aliyewahi kulithibitisha jambo hili!"

Alimkumbatia Chiriku akamzungusha chumba kizima. Kwa miezi minane Mama alikuwa akirudi nyumbani hoi, ripoti zake zikirudishwa na wakubwa wake. Leo alikuwa akicheka kama msichana. Chiriku alitaka kusema. Lakini angeanzaje kumwambia mtu mwenye furaha ile?

Jumatano hakuongea kabisa. Chakula alikigusagusa tu.

"Vipi, redio imeishiwa betri?" Babu Chupa alimtania. Alipoona hajibiwi, mzee akaacha mzaha, akavuta kigoda na kukaa karibu naye. "Mjukuu wangu, sikuulizi kitu. Ila mficha maradhi, kifo humuumbua."

Chiriku akalia, lakini hakusema.

Alhamisi alasiri alifuatana na Mama hadi kwenye ukumbi wa wavuvi. Walipofika mlangoni walisikia sauti nene ya mwenyekiti wa kamati ikisema ndani, "Daktari akikubali tu, wiki ijayo tunatega nyavu za pomboo!" Chiriku akawaza pomboo wakifa kwa ajili ya kiwiko chake. Akamshika Mama mkono.

"Mama, usiingie."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nilifungua chupa mbili. Midomo ikamwagika, ikachanganyika. Nikairudisha ovyo ovyo ili hesabu itimie tu. Huo ugunduzi wako, Mama... haupo."

Mama hakufoka, na afadhali angefoka. Aliegemea ukuta. "Ya nne na ya tisa?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. "Nimekasirika sana," alisema polepole. "Na kesho nitakuwa bado nimekasirika, usidhani yamekwisha. Lakini umeniambia kabla sijaingia. Twende."

Akasimama mbele ya wavuvi. "Ndugu zangu, nilikuja na jibu, lakini sinalo tena. Chupa mbili zimechanganyika kwenye maabara yangu. Kosa la maabara yangu ni kosa langu."

Minong'ono ikaenea. "Miezi minane," mmoja akasema, "halafu unatuletea uji wa midomo?" Watu wakacheka.

Chiriku hakuweza kuvumilia kuona Mama akichekwa peke yake. Akainuka. "Si yeye. Ni mimi niliyechanganya. Yeye alinikataza."

Mwenyekiti akamtazama. "Binti, ungenyamaza, leo sisi tungepata tunachokitaka. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na pomboo tungewavua bure?"

"Sijui. Labda bure, labda si bure. Hakuna anayejua."

Mwenyekiti akatabasamu, kisha akawageukia wenzake. "Wataalamu hutuletea majibu, tusijue yametoka wapi. Huyu ametuletea kosa lake mchana kweupe. Na sisi je? Kila mwezi pomboo hunasa nyavuni mwetu, tukawatosa kimya kimya kwa kuogopa kushtakiwa. Nasema uongo?" Akamgeukia Mama. "Basi, Daktari, kuanzia leo hatutakuficha. Kila atakayenasa tutakuletea. Maombi yetu yatasubiri mpaka utupe jibu la uhakika."

Waliporudi maabara, Mama alifungua daftari la utafiti kwenye ukurasa wa chupa zile mbili. Chiriku akakimbilia kifutio. Mama akamnyang'anya.

"Humu hatufuti," alisema, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya hesabu zile, zikabaki zinasomeka. "Kosa ukilifuta, atakayekuja nyuma yako atateleza palepale. Kukosea hata mimi nimekosea, na bado nitakosea. Ukilisema mapema, kosa hurekebishika. Ukilificha, mwanangu, linageuka uongo, na uongo huwaumiza hata wasiokujua, watu na wanyama. Kumbuka hilo hata siku utakayokuwa peke yako na hakuna aliyekuona."

Akamkabidhi penseli. "Andika kilichotokea. Tarehe, chupa zipi, na nani."

Chiriku akaandika mistari mitatu. Chini yake, kwa herufi ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma, akatia jina lake kamili.