Kiti cha Seneta Barrientos

Mhudumu Porfirio ndiye aliyemkuta. Saa tatu asubuhi aliingia ofisini kwa Seneta Eliseo Barrientos kumwambia kengele ya kikao imelia, akamkuta mzee kainamia meza.

"Nilidhani kasinzia," alimwambia Inspekta Nimia Ovelar. "Nikamgusa bega. Don Eliseo, amka baba, wanakusubiri."

Daktari wa polisi aliona chembe nyeupe ndani ya kibuyu alichonywea chai ya majani ya yerba. Vidonge vya usingizi vilivyopondwa. Kwa moyo mbovu kama wa mzee huyo, vilitosha kuua.

Nimia alitazama meza. Chupa ya maji moto ilikuwa upande wa mgeni.

"Nani humimina chai humu?"

"Yeye mwenyewe!" Porfirio alijibu. "Hata Spika hakuruhusiwa. Nyumbani tu, tangu mkewe afariki, alimwachia binti yake."

Siku hiyo Seneti ilikuwa ipigie kura mswada wa kupiga marufuku zebaki migodini. Baraza la chini lilikwisha kuupitisha. Seneti ilikuwa imegawanyika katikati, na mzee alitangaza atasema hapana. Kura yake ingeuangusha mswada.

Kwa hiyo Nimia alianza na Seneta Hilario Tintaya, mwenye mswada, aliyemfokea marehemu hadharani jana yake.

"Nilimwita msaliti, ndiyo," Tintaya alisema. "Lakini tangu alfajiri niko kwenye kamati, na kamera zinanimulika. Inspekta, yule mzee alinifundisha kazi hii. Unadhani sina uchungu?"

Kamera zilimtetea.

Ukumbini, Spika alikuwa anamwapisha seneta mbadala, aliyechaguliwa pamoja na marehemu ili akalie kiti chake akikosekana. Alikuwa Leocadia Barrientos, bintiye. Alipomaliza kiapo, Nimia alimvuta pembeni, kwenye korido.

"Pole sana, mama. Umefikaje?"

"Kwa basi, kutoka kaskazini. Habari nimeisikia nikishuka."

Nimia alitamani asiseme linalofuata.

"Barabara ya kaskazini wachimbaji wameifunga tangu jana mchana kupinga mswada. Nusu ya askari wangu wako pale. Hakuna basi lililopita."

Leocadia aliegemea ukuta.

"Ulimimina wewe," Nimia alisema taratibu. "Asingempa mtu mwingine chupa."

"Nilitaka alale tu." Alisema kwa kunong'ona. "Alale, akose kikao, nikalie kiti chake mimi, nipige kura. Basi. Moyo wake... aliniambia umepona. Baba alinidanganya nisiwe na wasiwasi."

"Kwa nini hukuzungumza naye?"

"Miaka miwili nazungumza! Mwanangu Maitena alikunywa maji ya mto ule wenye zebaki ya mgodi. Alikufa mikononi mwangu, ana miaka sita. Baba alibeba jeneza lake, halafu akaniambia, 'Mwanangu, mgodi ukifungwa mkoa wote utalala njaa.' Nimjibu nini?"

Nimia alifuta macho kwa kiganja.

"Umeshaapa. Una kinga. Siwezi kukukamata mpaka Seneti yenyewe ikuvue."

"Najua. Niache nipige kura."

Aliingia. Majina yakaitwa, moja moja. Lilipoitwa la Barrientos, alisema ndiyo, na mswada ukapita kwa kura moja. Watu wa vijiji vya mtoni, waliojazana roshani, walilia na kukumbatiana. Yeye hakuwatazama.

Alisimama, akaomba nafasi ya kusema.

"Mheshimiwa Spika, aliyemuua baba yangu ni mimi. Naomba Seneti inivue kinga."

Tintaya alifunika uso kwa mikono. Spika, aliyelelewa kisiasa na mzee Eliseo, aligonga nyundo.

"Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyenyoosha. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Leocadia mwenyewe. Aliushikilia juu, akingoja wenzake.