Gari Lililokabwa Koo

Kabla ya alfajiri mjane alisikia mkasi jikoni, krii, krii. Kisha boneti ya gari ikafungwa taratibu, kama na mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe, ndiye pekee aliyeamka kuwaaga yeye na shemeji yake. Wengine walishasema gari la marehemu mumewe ni mkweche, halivuki jangwa.

"Litafika kwa dada yangu," mjane alisema, akashika usukani.

Adhuhuri upepo wa vumbi uliwafunika. Injini ikaanza kukohoa. Kila mjane alipoachia pedeli ya mafuta ilitetemeka, ikazimika, moshi mweusi nyuma. Shemeji yake, fundi cherehani, akashuka, akalegeza skrubu ya kabureta.

"Lina njaa, shemeji. Tuliongeze petroli."

Likagoma kabisa. Rejeta ikachemka; shemeji alipofungua kifuniko, mvuke ulimbabua kiganja.

Alama za magurudumu zilikuwa zimefutika. Maji ya dumu yangewafikisha jioni tu.

"Tutembee," shemeji alisema, meno yameumana.

"Twende wapi? Jua litatumaliza kabla ya kile kilima. Kunywa."

"Anza wewe."

"Kunywa, usinibishie! Sikuja kufia hapa."

Mjane akachomoa plagi za injini. Nyeusi tititi, zinanuka petroli.

"Njaa gani? Limevimbiwa hili! Linakosa hewa."

Akafungua chujio la hewa. Lilikuwa limevishwa kitambaa cha pamba, kimekunjwa mara mbili, vumbi limeshindiliwa juu yake. Kumbe ndiyo kazi ya ule mkasi wa alfajiri: mkwe alitaka kuwakinga na vumbi.

Mjane akacheka mpaka machozi. "Maskini binti yangu, kalifunika gari shuka!"

Upande wa ndani ulikuwa bado safi. Akauchana, akaulowesha, akamfunga shemeji kiganja.

Rejeta ilipopoa akaiongezea maji kidogo, akasugua plagi, akazirudisha. Akakaza ile skrubu polepole hadi ikagota, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, akawasha. Injini ikanguruma ovyo. Akafumba macho, akageuza kidogo, akasikiliza, akageuza tena, kama mumewe alivyozoea. Mngurumo ukatulia. Akaachia pedeli ya mafuta. Haikuzimika.

"Wewe nishonee gauni, shemeji. Kabureta niachie mimi. Haya, kilima kikae kushoto."

Jua likizama, wakaiona taa ya dada. Alisimama mlangoni, haamini.

"Waliniambia hakuna gari la kufika huku."

"Waongo."

Siku ya kuondoka, dada, aliyekwisha kusimuliwa kisa chote, aliushikilia mlango wa gari, hataki kuuachia.

"Mje tena," alisema. "Na yule mwenye mkasi mje naye."