Aliyemshika Mgongo

Mimi ni msusi, na msusi huishi kwa mdomo kama anavyoishi kwa vidole. Mteja akiinuka kwenye kiti changu, najua mpaka mumewe anavyokoroma. Kwa hiyo mkiona habari hii naisimulia kwa sauti ndogo, mjue si kawaida yangu.

Ilimkuta wifi yangu, mke wa kaka, na mimi nilikuwepo. Watu husema mawifi ni paka na panya. Sisi tulikuwa chanda na pete; tukigombana, ujue tunagombania rimoti.

Asubuhi hiyo alikuwa anaanika nguo, mimi nampa vibanio. Ghafla akashika kamba, akajikunja.

"Umeona mdudu?" nikamtania.

Akatikisa kichwa, akasubiri maumivu yapite. "Mwambie kaka yako asiende kazini," akasema. "Mwanawe kaamka."

Alikuwa amepanga kuzalia nyumbani. Kliniki walimpima wakaona yuko sawa, na mkunga tuliyempata alikuwa mkunga wa kweli, mwenye cheti na mkoba wa vifaa. Jirani yetu dereva wa teksi alikubali gari lake likae mlangoni, ikibidi mgonjwa akimbizwe hospitali. Nayasema haya mapema, asije mtu akasema tulifanya uzembe.

Mkunga huyo watu walimwita Mama Kimya. Sharti lake lilikuwa moja: katika chumba cha uzazi wanaongea yeye na mzazi tu. Wengine kazi yao ni mikono.

"Maneno mengi yanamchanganya anayezaa," alisema mlangoni, akinitazama mimi. Nadhani alishapewa sifa zangu. "Ukitaka kitu, onyesha kwa mkono. Ukichoka, mwenzako atakupokea."

Nikafunga mdomo. Kwangu hiyo peke yake ilikuwa adhabu ya kutosha.

Wasaidizi tulikuwa watatu: mama yangu, mkwe wetu, yaani mama yake wifi, na mimi. Godoro lilishushwa chini, likasukumwa hadi ukutani. Mmoja wetu anakaa ameegemea ukuta, miguu ameitandaza, na wifi anakaa katikati na kumlalia kifuani. Huyo wa nyuma anampitishia mikono chini ya makwapa na kumshika vizuri. Kwa kuwa wifi alikuwa anatoka jasho huku anatetemeka, shuka liliwafunika wote wawili mabegani. Wa pili anashughulika na maji ya moto, wa tatu anafuta uso na kushika goti. Tukawa tunapokezana hivyo bila neno. Kwa kweli mambo yalienda vizuri, hata nikaanza kuona kwamba kimya kina faida zake.

Mchana mvua ikashuka kwa nguvu. Pazia lilikuwa limefungwa na umeme ukakatika, chumba kikawa na giza la jioni. Mama Kimya akavaa tochi ya kichwani. Mwanga wake ulikuwa unaangukia pale anapofanyia kazi, basi.

Zamu yangu ya kushika mgongo ilikuwa ndefu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku hiyo hata mimi nilionjeshwa kidogo. Wifi alinilalia mpaka miguu ikafa ganzi. Nikaguswa bega, taratibu, kama mtu anayekupa pole. Nikajua mwenzangu amekuja. Nikajichomoa kando polepole, na uzito wa wifi ukanitoka, ukapokelewa. Nilishukuru moyoni hata sikugeuka kuangalia ni nani. Nikatambaa, nikainuka, nikaenda jikoni kuongeza maji.

Niliporudi na sufuria, mambo yalikuwa yamebadilika.

"Sukuma, mwanangu. Sasa," Mama Kimya alikuwa anasema.

Wifi alisukuma. Kichwa cha mtoto kikaonekana, kikarudi. Mara za mwanzo hiyo ni kawaida, mkunga mwenyewe alishatueleza. Lakini kilirudi tena. Na tena. Mama Kimya akaweka kipembe chake cha kusikilizia tumboni, akasikiliza mapigo ya mtoto, na uso wake ukanywea. Akaninyooshea kidole mlangoni, kisha akazungusha mkono kama mtu anayewasha gari. Nilichungulia ukumbini, nikampa kaka ishara ileile. Alitoka mbio bila viatu.

Niliogopa, sitaficha. Mtoto alikuwa anachoka. Hospitali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa maji matupu. Kama asingetoka hapohapo, tungemzika.

"Wewe uliye nyuma," Mama Kimya akasema, "legeza. Unamvuta juu."

Mikono haikulegea.

Nikaitazama. Kweli, kila wifi alipojisukuma chini, mikono ile ilimkaza na kumpandisha. Ilikuwa myembamba. Mama yangu ni mnene, nikasema moyoni, basi ni mkwe.

Nikamwona mkwe. Alikuwa kwenye beseni, anakamua kitambaa.

Nikamtafuta mama. Alikuwa upande wa pili, ameshika goti la wifi.

Mkunga yuko mbele. Mimi niko mlangoni na sufuria.

Ndipo nikalikumbuka bega langu. Niliguswa kwa nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Legeza," Mama Kimya akarudia. Akainua kichwa, na mwanga wa tochi ukapanda naye. Ukapita goti. Ukapita tumbo. Ukafika kwenye vidole vilivyofumbatana chini ya matiti ya wifi, ukatulia hapo. Hakuupandisha zaidi. Akamtazama mama, akamtazama mkwe, akanitazama mimi.

"Nani yuko nyuma?" akanong'ona.

Mkwe akajiziba mdomo kwa kile kitambaa.

Wifi alikuwa amefumba macho. Kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayenong'onezwa.

"Ndiyo," akasema. Hatukuwa tumemuuliza kitu. "Ndiyo. Ndiyo, niachie tu."

Vidole vikafunguka. Kimoja kimoja.

Wifi akashuka chini, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na mtoto akatoka kwa msukumo mmoja. Wa kiume. Akalia palepale. Wifi akaanguka chali, na kisogo chake kikagonga ukuta. Shuka lilikuwa limelala bapa kwenye godoro.

Tulilia sote. Mama aliomba dua, mkwe alimkumbatia binti yake, kaka aliingia na matope yake akapiga magoti. Baadaye, wakati wa kumsafisha, tukaona alama chini ya matiti, nyekundu, za vidole. Mama Kimya akaweka vidole vyake juu ya alama hizo. Vilikuwa vifupi mno. Akafunga mkoba, akatuaga, akaondoka na mvua yake.

Siku hizi ameacha sharti lake. Wanaomwita wananiambia chumba kizima ni kelele. Kila baada ya muda anapaza sauti, "Wewe wa nyuma, ni nani?" na aliye nyuma lazima ajibu, "Ni mimi fulani." Watu wanacheka, wanasema uzee huo. Mimi sicheki.

Mtoto alikua vizuri, ananyonya, analala. Tukaanza kusahau. Kabla shingo yake haijakaza, nikapita kumsalimia, mchana kweupe. Wifi alikuwa sebuleni anakunja nepi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Chumbani."

Nikasukuma mlango.

Alikuwa katikati ya kitanda. Ameketi. Kichanga asiyeweza hata kukaza shingo, ameketi wima, kichwa amekilaza nyuma kwenye hewa tupu. Fulana yake ilikuwa imekunjamana chini ya makwapa. Alikuwa anatabasamu.

Nikataka kumrukia. Wifi akanidaka mkono.

"Usimguse," akanong'ona. "Bado hajamaliza."

"Nani?"

"Siku ile aliniuliza. 'Nikikuachia, utanipa na mimi nimbebe?' Nikasema ndiyo. Ningesema nini, wifi? Mwanangu alikuwa anakufa."

"Mpaka lini?"

Machozi yakamtoka. "Sikuuliza mpaka lini."

Tukasimama mlangoni tumeshikana mikono, watu wazima wawili. Mwishowe wifi akajikaza, akasema kwa upole, kama unavyoongea na mgeni usiyetaka kumuudhi, "Imetosha, mama. Nirudishie sasa."

Hakuna kilichotikisika. Wifi akanibana vidole mpaka vikauma.

"Nirudishie, tafadhali."

Mtoto akainama nyuma. Hakuanguka. Alilazwa: kiuno kwanza, kisha mgongo, na kichwa mwisho kabisa, kimeshikiliwa, kama anavyolazwa kichanga na mtu anayejua. Kisha akaanza kulia.

Nilimnyakua. Fulana ilikuwa na joto, na mgongoni ilikuwa imelowa chepechepe. Nikadhani ni jasho. Nikaipeleka puani.

Yalikuwa maziwa. Nikamtazama wifi kifuani. Gauni lake lilikuwa kavu.